Tanbihi ya Ukurasa wa Sitini na Moja

Insha yangu imerudi. Kurasa kumi na mbili,
wino wa kijani pembeni, mwandiko wa Dokta Nannauka
unaolala kushoto kama mtu mwenye usingizi.
Hakuandika mwizi. Hakuandika sifuri.
Amepiga mstari chini ya sentensi moja tu
na kuuliza:
Nani huyu?

Nilijua anauliza nini.
Mimi huandika kwa kurukaruka,
kama anayekwepa madimbwi ya Chikongola baada ya mvua.
Sentensi ile ilikuwa imeketi, imekunja miguu:
Maji hayana mwenyewe, ila njia ya kuyafuata ina nyayo za watu.

Niliinyofoa usiku, umeme ukikatika na kurudi,
kutoka tasnifu yenye jalada jekundu,
rafu ya chini kabisa, maktaba ya chuo.
Palipokuwa na "lakini" nikatia "ila,"
nikajiona nimejenga nyumba.

Visingizio nilikuwa navyo, vimepangwa kama marobota:
kwamba maneno ni ya wote,
kwamba methali haidaiwi kitambulisho,
kwamba Nasri wa chumba namba tisa
amenakili sura nzima pamoja na makosa ya tahajia
na bado amepata B.

Nikarudi maktaba.
Ukurasa wa sitini na moja.
Begani mwa sentensi, namba nne,
ndogo kama punje ya ufuta.
Niliifuta bila hata kuiona,
kama mtu anavyobandua bei kwenye shati.
Nikateremsha macho hadi chini, kwenye maandishi madogo:

4. Mahojiano na Somoe binti Nalinga, Mnyambe, Newala,
14 Agosti 2009, asubuhi, akibangua korosho.

Nilisoma mara tatu.

Somoe binti Nalinga ni mama yangu mkubwa.
Ada ya muhula wa kwanza ilitoka kwake, magunia mawili.
Nyayo zile ni zake:
saa tisa usiku, ndoo kichwani, mteremko wa Kitangari,
kwenda tupu, kupanda na lita ishirini,
enzi ambazo uwanda wa juu ulikuwa na kila kitu
isipokuwa maji.
Kidole gumba ndiyo sahihi yake hadi leo.
Mgeni alikuwa amemwandika jina lote.
Mimi, wa tumbo moja na mwanawe,
nilimfuta.

Nikampigia. Nyuma yake kuku, na mtu akitwanga.
"Yule kijana wa kalamu? Namkumbuka.
Alirudi mwaka uliofuata, kwa miguu kutoka stendi,
akanisomea yote aliyoandika.
Pale alipokosea nilimwambia, akakata."
Kimya kidogo. Kisha:
"Ila neno lile la njia na nyayo si langu, mwanangu.
Nililisikia kwa marehemu Abiba wa Mkunya
kwenye foleni ya ndoo, mwaka wa njaa.
Nilimwambia kijana. Hakuandika?"

Nikafungua tena. Ameandika.
Mstari wa pili wa tanbihi, niliouruka hata mara ile ya tatu:
Naye anasema alilipata kwa Abiba, wa Mkunya.

Sasa ni saa sita, Shangani imelala,
na mimi ninahangaika na koma.
Jina la ukoo kwanza, mwongozo unasema,
kisha herufi ya kwanza, kisha mwaka.
Nalinga, S.
Ajabu kumwona hivyo, amevalishwa rasmi,
kwenye foleni ya alfabeti,
mbele yake maprofesa, nyuma yake wizara.

Abiba sijui nimweke wapi.
Hana ukoo kwenye karatasi, hana mwaka,
mwongozo wa chuo hauna kifungu chake.
Nimeacha mstari wazi.
Kesho nitamuuliza Dokta Nannauka,
na Jumamosi kuna basi la Newala.