Maganda Manne Mezani

Hsinchu, mji wa upepo. Mlango wangu haufungiki
mpaka niuegemeze kwa kiti.
Bi Liao aliingia na mwavuli uliopinduka,
akasema hata kabla ya salamu:
"Mjukuu wangu anakwenda Asahikawa, kusoma.
Nipe kompyuta isiyovunjika."

Isiyovunjika! Miaka kumi na tisa nashika bisibisi,
kila Jumamosi nazika mashine,
na sijaona bado iliyokataa kufa.
Lakini mteja ni mteja. Nikafuta meza,
nikapanga maganda manne, matupu,
bila betri, bila kioo, bila kiburi.

La kwanza alumini, limechongwa katika bonge moja,
linang'aa kama sahani ya karamu.
"Hili halipindiki ovyo," nikasema, "ila lina kinyongo.
Liangushe mara moja, kona itabonyea,
na kibonyeo hicho litakitunza mpaka kaburini."

La pili magnesi. Jepesi, hata nikasahau nimelishika.
"Hili huvumilia. Rangi yake hubanduka mapema,
na siku likizidiwa halikunji uso:
linapasuka,
kama mtu mpole aliyenyamaza mno."

La tatu nyuzi za kaboni, zimesukwa kama ukili,
nyeusi juu ya nyeusi.
Ukilibonyeza linazama, ukiliachia linarudi.
Nikalibonyeza mbele yake mara tatu, kwa madaha.
Bei nikaitaja kwa sauti ya chini.

La nne plastiki. Hilo nikalisogeza pembeni,
kama mtu afichaye sufuria iliyoungua wageni wakibisha hodi.

Bi Liao hakunijibu. Alivua pete,
akakunja kidole, akagonga.
Alumini: ngi.
Magnesi: ko, fupi, kavu.
Kaboni: tu.
Plastiki: pwa.
Akarudi kwenye magnesi, akainamisha sikio.
"Hili lilimiminwa kwa pupa. Lina tundu la hewa,
hapa, chini ya bawaba."

"Umejuaje?"

"Miaka ishirini na sita, Taoyuan, zamu ya usiku.
Tulimimina vifuniko kama hivi,
elfu moja na mia mbili mpaka kuche,
na masikio yetu ndiyo yaliyopima
kabla hawajanunua mashine ya kupimia
na kuturudisha nyumbani."

Nikanyamaza. Upepo ukakisukuma kiti.

Akalivuta lile la plastiki, akavaa miwani,
akachungulia ndani, pale bawaba inapokaa.
"Ngozi haifi kwanza," akasema. "Hufa kiungo.
Huyu msichana atafungua na kufunga,
ana hasira, ana usingizi,
mkono mmoja kwenye kifuniko, wa pili kwenye kikombe.
Skrubu ikishika plastiki tupu, mwaka hauishi.
Hapa imeshika shaba, na shaba imeshika bamba la chuma.
Uzuri wa mkakasi wauzie wengine.
Halafu kule theluji hufika dirishani.
Unataka aweke viganja juu ya alumini
saa kumi na mbili asubuhi?"

Nilikuwa na majibu. Yote yalihusu faida yangu.

Nikamfungia iliyo kamili, ya ganda kama lile.
Akahesabu noti mara mbili, akaomba punguzo,
akapewa, akaomba tena.
Mwavuli wake aliuacha. "Umeshakufa," akasema.

Usiku nilibana ganda la magnesi kwenye jiliwa,
nikalikata kwa msumeno wa mkono, polepole,
maana unga wake hupenda moto.
Tundu lilikuwepo,
dogo kama punje ya mchele,
na pumzi iliyokuwa imefungiwa humo tangu kiwandani
ilitoka bila kutoa sauti.

Nimegonga maganda yaliyobaki mpaka kifundo kimevimba.
Ngi. Tu. Pwa.
Sisikii kitu.