Tarakimu Nane

Tartu, saa nane usiku. Theluji imeziba dirisha.
Ülle anaandika mistari
isiyosomwa na mama mjamzito yeyote.

Wiki jana mwizi aliuchukua ukurasa wa kliniki,
akautia kwenye fremu yake,
akautandaza, bila rangi wala kivuli,
juu ya tangazo la kigari cha mtoto.
Triinu akabonyeza *Nakitaka*,
kumbe kidole chake kimeruhusu faili lake lisomwe.

Sasa kila jibu litatoka na barua,
ya kivinjari, si ya msomaji:
usinitie kwenye fremu ya mtu;
msimbo usiotoka kwangu usiuendeshe,
hata ukijiita ndugu;
mgeni wangu akiondoka, usitangaze alikotoka.

Mstari wa mwisho ndio unaomshika mkono.
*Nijie kwa njia iliyofungwa tu*, halafu muda,
kwa sekunde.
Vivinjari havisahau. Cheti kikiisha,
mlango utamkatalia hata yeye.

Anaandika mia tatu. Dakika tano.
Anachemsha kahawa. Ukurasa unafunguka.

Anafuta mia tatu,
anaandika mwaka mzima: 31536000.

Ahadi ni deni.
Hili lina tarakimu nane.

Nje, gari la kuzoa theluji linapita,
linarudi.