Sheria ya Tatu

Alhamisi, Ngara, ghorofa ya nne, juu ya duka la vipuri.
Dadu zetu tuliziagiza mbali, ushuru ukazidi bei,
kwa hiyo tunazirusha ndani ya sinia la chapati
zisije zikapotelea chini ya kochi.
Mimi ndiye msimulizi. Nazima taa, nawasha tochi ya simu,
naiegemeza kwenye chupa ya chai,
na Nafula, aliyetoka zamu Mbagathi, anasema,
"Kerubo, nitishe basi. Leo nimefunika wawili shuka."

Ndiyo shida ya kutisha watu hapa.
Mwezi jana nilileta zimwi lenye vinywa saba;
Idd akauliza linalipa kodi ya nyumba au ni mgeni.

Nikaachana na mazimwi. Nikawajengea mji wa ndotoni.
Unauingia kwa lifti ya jengo kuukuu pale Luthuli,
lifti iliyokufa kabla hatujazaliwa:
ukilala na ufunguo chini ya ulimi, inafufuka,
inashuka, inapita chini, inapita chini ya chini,
hadi ghorofa isiyo na namba.
(Musembi, ambaye mchana ni fundi wa lifti kweli,
hunikosoa kuhusu kamba za chuma.)
Huko nako ni Nairobi, ila kama shati lililovaliwa nje-ndani.
Mto unapanda mlima, na mawe yake unayaona.
Makorongo wa Barabara ya Mombasa wamevaa suti,
wanakagua vitambulisho.
Na kila nyumba iliyowahi kubomolewa huku juu
kule chini imesimama, nguo kambani, sufuria mekoni.

Sheria tatu, nimezibandika kwenye friji:
Usiulize saa.
Usimpe korongo mkono.
Usile. Alaye ndotoni haamki.

Usiku ule nilihitaji mlango wa kutisha,
nikaubuni papo hapo: "Kibanda cha mabati. Mlango wa buluu.
Juu yake alama ya X, nyekundu, bado mbichi, inachuruzika."
Nilidhani nachora damu.

Musembi akaweka kikombe chini.
"Dirisha liko kushoto?"
Sikuwa nimefikiria dirisha. Nikasema ndiyo.
"Limezibwa na gunia la sukari?"
Idd akaacha kutafuna njugu.
Ndiyo, nikasema. Ningesema nini?

"Kanjo walichora Jumatatu. Tingatinga likaja Ijumaa.
Mama alikuwa ameinjika maharagwe.
Alitoka na sufuria ya moto, kaishika kwa leso,
akawa hajui pa kuiweka."

Mchezo una kanuni ya hofu: unarusha dadu,
ukishindwa unapunguziwa akili.
Nikampa. Zikakaa kiganjani mwake kama meno ya mtoto.
"Mle ndani kuna mtu?"
Daftari langu lilisema: *kuna kitu kinachovaa sauti za watu.*
Nikalifunga daftari.
"Kuna mtu. Anapika. Anauliza, nani huyo?"
"Hawezi kuuliza hivyo. Ataniita Kavaluku."
"Kavaluku," nikasema, kwa ulimi wangu huu wa Kisii
usiolijua jina hilo lilale wapi,
na mtu mzima mwenye ndevu akanyanyuka
akaenda dirishani kuhesabu magari ya Barabara ya Thika.

Hatukurusha. Stima haikupotea, mbwa hakubweka,
hakikutokea chochote. Nafula alimimina chai,
akatia sukari ya kupita kiasi, hakuuliza.
Daftarini nikaandika: *Musembi yuko mlangoni.
Hajala. Hajaamka.*

Alhamisi iliyofuata alitutangulia.
Alikuwa ameketi ngazini kwangu na karatasi ya mhusika wake magotini,
pale panapoandikwa vitu alivyobeba.
Kwa penseli, vya zamani: tochi, kamba mita kumi,
kisu butu, ufunguo.
Chini yake, kwa wino:
unga kilo mbili, sukari, majani ya chai,
kiberiti, mafuta ya taa.

"Sheria inasema nisile," akaniambia.
"Haisemi nisipeleke."