Jamaa wa Ukutani

Batuli alirudi kutoka Nyali na mchirizi mwekundu mkononi,
kama aliyechapwa kwa uzi wa moto.
Mamake akakimbilia maji ya mfereji.
Siyo hayo! Siki! Hayo yatavifyatua vilivyobaki!
Tukamimina chupa nzima, ile ya kachumbari.

Usiku, mkono umefura, akanisomesha.
Konyeza, baba, hana moyo.
Hana ubongo, hana mfupa, hana damu.
Tundu moja tu, la kulia,
na lilo hilo la kutolea uchafu.
Nikamwambia watu wa namna hiyo nawajua.
Hakucheka.
Kwenye minyiri yake kuna vibweta visivyohesabika,
ndani ya kila kibweta uzi umezongwa, una mwiba.
Gusa, na uzi umeshatoka
kabla ukope wako haujashuka kukonyeza.
Hata akifa, akatupwa mchangani,
vibweta vyake havina habari ya msiba.

Asubuhi nilikuwa Kibokoni, nyumba ya warithi wa Bi Nuru,
siku ya nne nabandua saruji
iliyopakwa na fundi asiyejua kwamba ukuta wa kale hupumua.
Chini yake, matumbawe.
Nikapitisha kidole: nyota ndogo, nyota juu ya nyota,
kila moja chumba cha mnyama mwenye mdomo mmoja,
minyiri kuuzunguka, na vibweta vilevile.
Alikwisha kuniambia, nikadhani ni homa inasema:
hawa na konyeza ni ukoo mmoja, baba.
Mmoja alichagua kuelea, asiwe na kwao.
Mwingine akaketi, akatoa chokaa mwilini mwake, akajenga,
akafa, na mwanawe akajenga juu ya kichwa chake.

Miaka thelathini najiita fundi.
Hawa hawakushika timazi wala mwiko.

Nikampelekea kipande. Akakiweka kando ya mkono wake,
mchirizi na nyota, akavitazama.
Walio hai, akasema, maji yakizidi joto
humfukuza mpangaji anayewalisha,
wakabaki weupe, na njaa.
Mamake, jikoni: mwenye nyumba gani huyo?

Leo nimekoroga chokaa, nayo ni wao,
nimepaka ukuta wote ila mahali pamoja,
kimo cha mtoto, karibu na mlango.
Mrithi mkubwa kauliza mbona nimesahau pale.
Nimemjibu sijasahau.