Makonyo

Anzelmi alianguka Jumanne, saa nne asubuhi,
pishi ya tatu haijajaa.
Tawi halikulia. Ngoeko ilibaki juu, inaning'inia
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Mkoani walimpiga picha ya mgongo.
Daktari akaiinua dirishani, akaitazama sana,
kisha akaniuliza nina watoto wangapi.
Hapo nikajua.

Sisi wa kanisani, hapa Wete, hatuzidi kumi na mmoja
Jumapili isiyo na mvua.
Katekista Melkiori alikuja na sukari kilo mbili,
akasema Mungu hamtwishi mja mzigo usioenea mabegani.
Nikamjibu: basi amenifananisha na punda wa mtu mwingine.
Akanywa chai yake kimya. Sukari aliiacha.

Rozari nikaiacha msumarini.
Kanisa nalo nikaliacha, wiki saba.
Sikukana. Nilinuna tu,
kama mke anavyonuna: nampikia, simsemeshi.
Usiku nilimgeuza Anzelmi ubavu huu, ubavu ule,
nikamfuta, nikamkanda,
na nikiwa nimeinama hivyo nikamwambia Yule wa juu:
Kama upo, shuka. Kuna kazi hapa.
Shika miguu.

Karafuu hazingoji msiba wa mtu.
Zikiachwa huchanua, na zikichanua hazina bei.
Majirani wakazichuma zetu zilizosalia, hawakuuliza,
na usiku wakajaa uani kuchambua,
kandili katikati, karafuu huku, makonyo kule,
vidole vyeusi, habari za watu.
Nikacheka mara moja, nikashtuka.

Bi Raya ndiye aliyeuliza, kichwa hakukiinua:
"Kandida, nyinyi siku hizi hamsali?"
Nikanyamaza.
"Mimi Mola wangu humkasirikia papo hapo juu ya msala.
Akasirikiwe wapi tena?
Jumapili nenda. Mgonjwa nitamkalia mimi."

Nikaenda, ili asiniulize tena.
Walikuwa wanane. Benchi la pili kutoka mlangoni
watatu wamebanana upande mmoja,
na mahali pangu pako wazi
kama pengo la jino ambalo ulimi haujaacha kulitafuta.
Hakuna aliyegeuka. Mama Prisila akanisogezea kitabu,
kimeshafunguliwa ukurasa wenyewe.
Sauti sikuwa nayo.
Wakaniimbia sehemu yangu.

Sikusikia ngurumo. Sikuona nuru.
Nilisikia mvua inaanza juu ya bati,
nikakumbuka majamvi, karafuu zimeanikwa,
nikainuka nusu, kisha nikakaa:
Bi Raya yupo.

Makonyo niliyapeleka Wawi mwenyewe, magunia mawili.
Kijana wa kiwandani, shati limemgandia mgongoni,
akanionyesha mtambo.
"Vijiti hivi, mama, watu hudhani ni taka.
Tunavitia mvuke kutwa.
Mafuta hayatoki mapema."
Akanidondoshea tone kiganjani. Likawasha,
likapoa, likanuka njia nzima mpaka nyumbani.

Sisemi nimeelewa.
Anzelmi hasimami. Daktari hakukosea.
Ila juzi usiku, nikidhani amelala,
nilimsikia akinong'ona gizani, haombi, anahesabu:
mkono wa kulia, asante. Wa kushoto, asante.
Kandida.
Hapo alinyamaza kitambo, nami nikazuia pumzi.
Asante.

Asubuhi akataka asogezewe ungo.
Akachambua polepole, jasho linamtoka,
mpaka pishi ikajaa. Ile ya tatu.

Nikaiondoa rozari msumarini, imeshika vumbi.
Nikafanya ishara ya msalaba kwa vidole visivyooshwa,
na paji langu likanuka karafuu.