Safu ya Maoni

Fomu ina safu saba.
Namba ya kiota, mti, urefu, mayai, makinda, tarehe.
Ya saba, nyembamba kama ukingo wa ukucha, ni ya maoni.

Kutoka Dunga hadi Kusa nimehesabu viota kumi na vinne
kwa darubini iliyopasuka jicho la kushoto
na kioo cha kunyolea nilichokifunga kwenye ncha ya mwanzi
kinichungulilie nisikofika.

Kiota cha kwanza: mgunga, mita kumi na moja, mayai mawili.
Cha pili: mkuyu, mayai mawili.
Cha tatu: uliokuwa mkuyu.
Kisiki bado kinatoa utomvu.
Magunia sita ya makaa yamepangwa kando ya barabara
na furukombe wawili wanazunguka juu ya pasipo na kitu
kama watu waliorudi kwao wakakuta mlango umehama.
Nimeandika "mkuyu".
Safu ya urefu nimeiacha wazi.

Nyamware ziwa lilipanda, likala mashamba, likala choo cha shule.
Migunga ikafa imesimama, maji magotini.
Juu ya mmoja, dume na jike wameatamia mwaka wa tatu huu.
"Mti mfu majini hakuna wa kuukata," alisema Obuya, akizima injini,
"ila upepo."
Sikujua ananipa habari njema au mbaya.
Mayai mawili.

Kiota cha kumi na moja hakina mti.
Kiko juu ya mnara wa simu:
vijiti, matete, kipande cha wavu wa bluu,
soksi moja ya mtoto.
Mita arobaini na mbili. Mwanzi wangu haufiki hata robo.

Fundi Makokha alikuja Jumanne, mkanda wa kupandia kiunoni,
agizo la kazi mfukoni: ondoa uchafu.
"Uchafu una kinda," nikamwambia.
"Umemwona?"
Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimemsikia,
na kusikia hakuna safu yake.
Akapanda. Akashuka na picha kwenye simu:
mmoja wa kijivu, kichwa juu, hasira tupu;
mwingine amelala bapa, hataamka.
Makokha akaitazama picha kuliko nilivyoitazama mimi.
"Lakini antena ya mashariki imezibwa," akasema.
"Kijiji cha nyuma hakina mtandao."

"Kijiji cha nyuma ni mimi," akasema Apondi,
aliyekuwa amesimama hapo muda wote na jembe lake.
Binti yake yuko chuoni Eldoret. Ili amsikie
hupanda kilima kila jioni, goti likimlaumu.
"Na vifaranga wangu watatu aliwachukua huyo huyo mama yake.
Anahitaji siku ngapi?"
Nikasema hamsini.
Akang'oa jani la mtama, akalikunja, akalitia kwenye kitambaa cha kichwa.
Hakusema ndiyo.
Makokha akaandika kwenye agizo lake: mvua.
Hapakuwa na wingu.

Kilimani kuna mtandao. Kilimani, pia, kiota kinaonekana.
Basi kila akimaliza na Eldoret ananipigia mimi:
"Amepiga mbawa. Bado."
"Amelishwa kamongo. Bado."
"Leo nimemtukana, akanitazama. Bado."

Siku ya arobaini na sita:
"Nimepiga mara mbili hukushika. Ameenda.
Kwanza ameanguka kwenye matete kama mlevi,
nikajua basi.
Kisha akaenda."

Safu ya makinda: moja.
Safu ya maoni nimejaza kwa herufi za sisimizi,
nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma
ambako mashine ya ofisini, mjini Kisumu, haisomi.

Makokha hajarudi. Agizo lake bado linasema mvua.
Jana Apondi alipiga kutoka kilimani, pumzi zikikatika.
Ameuliza kama mwakani watajenga palepale.
Halafu ameuliza fundi anakuja lini.
Kwa mpangilio huo.