Herufi Nne

Redio yangu ni ndogo kuliko kipande cha sabuni.
Ilipoomba jina, ikaruhusu herufi nne tu,
nikaandika SAME.
Hapa Todmorden wanalisoma kwa ulimi wao:
"ileile," wanasema, "vilevile," na kucheka, jina gani hilo.
Sikuwaeleza. Kuna upepo wa mashamba ya mkonge, chini ya Upare,
ambao hauingii kwenye maelezo.

Bonde hili ni jembamba. Simu hupanda ngazi pamoja nasi
kuutafuta mnara, na mara nyingi hushuka mikono mitupu.
Ndipo Edwin Crabtree, fundi lifti mstaafu,
magoti mabovu, bisibisi mfukoni hata siku ya mazishi,
akaanza na bomba la moshi la kiwanda cha pamba kilichofungwa:
kopo la biskuti, betri, kipande cha sola
kama slesi ya mkate.
Cha pili akakifunga Nasreen juu ya duka lake la vitambaa.
Cha tatu kikaingia kanisani, baada ya vikao vinne
na hoja ndefu kuhusu haki za popo.
Cha nne tulikipandisha wenyewe hadi kwenye mawe ya nyikani,
mimi na viatu vyangu vya zamu ya usiku,
kondoo wakitutazama
kama karani atazamavyo fomu iliyokosewa.

Hakuna kampuni. Hakuna ankara.
Kila kopo likisikia neno hulirudia mara moja,
kisha hunyamaza. Halijui limebeba nini.
Ndivyo tulivyotumiana salamu kwetu:
nifikishie kwa Nakiete, na asiyemjua
humpa anayekwenda upande ule.
Zamani nilihesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane.
Sasa nahesabu herufi, zisipite mia mbili,
na "natumaini u mzima wa afya" haipati pa kukaa.

Usiku ule umeme ulikatika saa tatu.
Kufika saa saba minara ya simu nayo ilikwisha,
na mto Calder ukapanda ngazi za baa
bila kuvua viatu.
Nilikuwa kwa Bi Enid. Mashine yake ya hewa imekufa,
mtungi wa akiba mshale umelalia nyekundu.
Nikaandika: *SAME. Niko kwa Enid. Hewa nusu saa.
Daraja limezama. Njooni kwa juu.*
Nikabonyeza.
Nikangoja ile alama ndogo isemayo umesikika.

Haikuja.

Kanisa lilikuwa bubu; maji yaliingia kwenye kopo,
tuliyakuta Jumapili. Enid aliniuliza kwa macho.
Nikamchana nywele.
Mikono ilitaka kazi.

Kisha alama. Njia yake: BATA, halafu duka, halafu Edwin.
BATA?
Sikuwahi kuliona jina hilo.
Wakaja kwa njia ya juu, Edwin na kijana wa Nasreen,
mtungi ndani ya toroli,
umefungwa kitambaa cha pazia, bei bado imening'inia.
Edwin aliketi sakafuni, akashindwa kuinuka,
Enid akamcheka kwa pumzi mpya.

Tumeuliza sokoni, tumeuliza shuleni.
Hakuna anayemiliki BATA.
Labda ni dari ya mtu aliyehama
akaliachia jua kazi yake.

Nikitoka zamu, huandika kwa lugha yangu:
*Mama, kumekucha.* Najua hesabu ya kilomita.
Neno huruka bomba la moshi, huruka duka,
hufika nyikani, na huko hurudiwa mara moja
kwa upepo na kondoo.

Jana BATA akajibu.
*Lugha gani hii?*

Nimeanza kumwandikia.
Nimefuta.
Herufi mia mbili, na mji mzima wa kuuingiza.